Kijani cha Injinia

Mpwa wangu tunamwita Injinia, ingawa anasoma jiografia. Jina alipewa na mama yake, dada yangu, mpishi wa hospitali, ambaye kwake kila anayeshika kompyuta ni injinia. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya duka langu la ushonaji. Mwaka wake wa mwisho chuoni, Injinia aliteka meza yangu ya kukatia vitambaa akatengenezea ramani ya ardhi ya pembezoni mwa mji: kijani panapofaa kujengwa, nyekundu pasipofaa.

Kazi ilikuwa na mapungufu, na mwenyewe aliyaandika ukurasa wa kwanza bila kumung'unya maneno. Picha za setilaiti zilipigwa kiangazi, kwa hiyo maji ya masika hayakuonekana. Takwimu za udongo zilikuwa kongwe kuliko yeye. Tena huko kwenyewe hakufika hata siku moja. Nauli hakuwa nayo na muda ulimbana. Mwalimu wake akamwambia ausukume ukurasa huo mwisho kabisa. "Mapungufu kila mtu anayo, usijianike mlangoni," alisema. Akampa alama nzuri, akapeleka nakala halmashauri.

Kutoka halmashauri ramani ilimfikiaje dalali wa viwanja, sijui na sitaki kujua. Nilichokiona ni bango kubwa kama shuka la kitanda, rangi zinawaka, jina la chuo juu. Ukurasa wa mapungufu haukuwepo. Dada yangu alirudi na habari akitabasamu hadi magego.

"Nakwenda kuchagua kiwanja kwenye kijani cha mwanangu," alisema. Akiba yote ya miaka ya moshi na masufuria ilikuwa inakwenda pale.

Injinia akashika kichwa. "Mjomba, twende. Mama anajiponza."

Tulimkuta huko huko viwanjani, kwenye foleni, karibu kabisa na meza ya dalali. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu, ya kupendeza. Si ndiyo kiangazi kama kwenye zile picha? Dalali ananuka manukato ya kukata pumzi, anatafuna kijiti, anatema karibu na miguu ya watu, nao wanamchekea. Nilisikia kinyaa hadi kooni.

"Jamani, ramani hiyo nimechora mimi," Injinia akasema. "Hapa sijawahi kufika. Masika maji yanafika wapi, sijui."

"Msikieni! Kama hujui, mbona umepaka kijani?" dalali akadakia.

"Niliandika kwamba..."

"Binti, hii ni ramani ya chuo. Wewe ni mwanafunzi tu."

Watu wakaangua kicheko. Karatasi wanaiabudu, aliyeichora wanamtazama kama nzi ndani ya chai. Hao ndio walionichefua kuliko dalali. Yeye angalau yuko kazini.

Dada yangu hakucheka. Uso ulimshuka. "Hujui kweli?"

"Sijui, mama."

"Kiwanja kingine sitakiweza tena, unaelewa?"

"Naelewa, mama."

Akafunga pochi, akatoka kwenye foleni, peke yake. Nyuma yake alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, aliyesikia kila neno. Hata hakungoja dada yangu afike mbali. Alijisukuma hadi mezani, akabandika kidole kwenye kijani, akasema, "Basi hicho cha kwake nipeni mimi."