Pazia la Kitanda cha Bibi

Darasani tulifundishwa kumwogesha mgonjwa kitandani kwa kumfunua sehemu moja moja. Unaosha mkono, unaukausha, unaufunika, ndipo unahamia mwingine. Tulifanya mazoezi kwa mdoli wa plastiki, na aliyesahau kumfunika mdoli alirudia tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimetoka Lusu kuja Tabora kusomea uhudumu wa afya, na nilimpenda mwalimu wetu kwa ukali wake.

Kisha tukapelekwa wodini kwa mafunzo ya vitendo.

Asubuhi moja nilipangiwa bibi wa Ulyankulu aliyevunjika nyonga. Mwembamba, rozari shingoni, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu," aliitikia, akanishika mkono kana kwamba mgonjwa ni mimi. Nikatafuta pazia la magurudumu la kuzungushia kitanda. Halikuwepo hata moja.

"Sista, mapazia yako wapi?" nilimuuliza muuguzi wa zamu.

"Yamechukuliwa ukumbini, kuna wageni. Mwogeshe hivyo hivyo, daktari anakaribia kupita."

Nikaanza taratibu, shuka likiwa juu yake. Muuguzi akaja, akaona ninachelewa, akalivuta shuka lote akalitupa kwenye kiti. "Wote humu ni wanawake," alisema.

Hapo mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume ameshika chupa ya uji. Alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake.

Bibi hakuweza kugeuka kwa sababu ya nyonga. Alichofikia kwa mkono ni mto tu, akajifunika nao uso. Yule mkwe akaiweka chupa sakafuni, akatoka kinyumenyume huku ameinamisha kichwa. Chini ya mto nikasikia, "Mkwe wangu ameniona. Mungu wangu, mkwe wangu ameniona."

"Bibi, hospitalini hakuna mkwe," muuguzi akamjibu, akacheka.

Nilimfunika bibi. Nikavuka uwanja hadi ukumbini.

Wageni walikuwa wameketi, mmoja anahutubia juu ya huduma bora. Mapazia yetu niliyaona upande wa nyuma, yamepangwa vizuri kuzunguka meza ya chakula, ili wageni wasione masufuria ya pilau kabla ya wakati wake. Masufuria yamesitiriwa! Nikashika pazia la kwanza nikalivuta. Gurudumu moja lilikuwa bovu, likapiga kelele hadi ukumbi mzima ukageuka.

"Wewe mwanafunzi, unapeleka wapi hilo?" mhudumu wa chakula akauliza.

"Wodini. Kuna mtu yuko uchi."

Hotuba ilisimama. Nililisukuma pazia juani, katikati ya magari ya wageni, na hakuna aliyenigusa.

Mchana matroni, msimamizi wa wauguzi, akaniita ofisini. "Umetuaibisha mbele ya wageni."

"Na bibi ameaibishwa mbele ya mkwe wake, mama."

"Omba radhi."

"Kwa lipi?"

Sikuomba. Alinihamishia kwenye chumba cha kufulia mpaka mafunzo yakaisha, na wenzangu wakaonywa wasiige ujinga wangu. Nilifua mashuka yenye damu na mikojo, nikiyakamua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku niliyopata nafasi ya kupanda wodini, nilikuta mapazia yote yamerudi, na bibi amezungushiwa moja. Kumbe ilikuwa inawezekana. Lakini mkwe wake hakuingia tena. Uji uliletwa na jirani.

"Labda atakuja Jumapili," bibi aliniambia, anaangalia mlango.

Sasa nafanya kazi kwenye zahanati upande wa Nzega. Watu huniambia nisamehe, yamepita. Yamempita nani? Yule bibi alikuwa na mkwe aliyemletea uji kila asubuhi, na sisi ndio tuliomfukuza.