Upande wa Mbali wa Bomba

Bwire alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Busia, upande wa Uganda. Chombo chochote kilichowahi kubeba petroli alikijaza maji kwanza mpaka pomoni, ndipo akakigusa kwa moto. Wateja walimcheka kwa kuogopa pipa tupu. Hakujali, nyusi zake alizipenda.

Bomba ndilo lililomponza. Alilinunua kama chuma chakavu kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa kule Buteba, hatua sitini za chuma zimelala nyasini, ncha zote mbili zimezibwa. Nani angejaza maji bomba refu namna hiyo? Alinusa maungio, akajisemea limekauka miaka mitatu, akawasha gesi alikate.

Norah, mkewe, alikuwa amemletea ugali wa muhogo.

"Mama Shallon, usikae hapa, huku iko moto," alimwambia. "Nenda kule mwisho wa bomba kabisa, nakuja kukula."

Norah akabeba kikapu chake, akaenda.

Tundu lilipotoboka, moto ulimlamba Bwire usoni kwa sauti ya mtu anayepuliza chai. Nyusi zikaungua, basi. Alitaka hata kucheka. Kisha kule mbali ardhi ikapiga kishindo, mara moja, kikavu, na ncha ya bomba ikachanika kama ganda la ndizi. Alipomfikia, Norah hakuwa na pumzi.

Mkaguzi kutoka Tororo alimweleza kwa upole. Moto ndani ya bomba husukuma hewa iliyo mbele yake. Hewa huvurugika kwenye maungio, moto nao hukunjika na kuongeza kasi, hadi mgandamizo wenyewe huwasha mvuke wa petroli uliobaki papo hapo. Hapo huwa ni mlipuko unaoishinda sauti kwa mbio. Aliyewasha huweza kupona. Kipigo humpata aliye mwisho. Bwire aliitikia, akauliza kama anaweza kuchukua mtungi wake wa gesi. Hakusikia uchungu wowote, na hilo lilimtisha.

Matangani, ndugu za Norah waliuliza alifuata nini kule. Bwire akasema hajui.

Ni miaka miwili sasa. Binti yao Shallon, aliyeacha biashara yake Malaba ili amtunze baba, ndiye huleta chakula. Kila mara Bwire humsimamisha ubavuni pake, cheche zikimtoboa gauni. Juzi aliweka sahani chini kwa kishindo.

"Baba, watu wote nasema kaa mbali na moto. Wewe nanivuta karibu. Kwa nini?"

Bwire alizima gesi. Alijua kwamba akisema, huenda akabaki peke yake.

"Mama yako hakwenda kule mwenyewe," alisema. "Mimi nilimtuma. Nilidhani kule ni salama."

Shallon hakulia. Alichukua kikapu, akatembea hadi mwisho wa uwanja, akaketi huko, amempa mgongo. Bwire akataka kumwita arudi, na hapo ndipo uchungu ulipomfika.