Usingizi wa Barazani

Jirani yangu muuza vitumbua hulala mchana tu, barazani kwa Fundi Bwanaheri, mkeka wake ameusogeza karibu kabisa na cherehani. Usiku hapati usingizi tangu afiwe na mumewe, Baba Wahida, ambaye naye alikuwa fundi cherehani na alishonea chumbani mwao hadi mkewe asinzie. Amejaribu maziwa ya moto yenye kungumanga. Ameweka asumini chini ya mto. Kila usiku hupangusa kitanda mara tatu kwa upindo wa kanga, akasoma Ayatul Kursiyu, akalalia ubavu wa kulia, na bado alfajiri humkuta macho makavu. “Bi mkubwa, hapa si gesti,” fundi humtania. “Shona, baba. Maneno yako hayalazi mtu.” Kisha hujifunika uso, na kidole chake kilichobabuka kwa mafuta hugonga mkeka taratibu, kikifuata mwendo wa cherehani, mpaka kinatulia.

Juzi fundi alimaliza kanzu ya mwisho, akakata uzi, cherehani ikanyamaza. Jirani yangu akainuka nusu, macho bado yamefumba, akasogea pembeni mwa mkeka kuacha nafasi. “Umemaliza, Baba Wahida? Haya, njoo ulale.” Fundi alitazama ile nafasi, akarudisha miguu yake chini ya meza, akaanza kukanyaga cherehani tupu, isiyo na uzi wala kitambaa.