Maziwa Hayaoshi Zebaki

Wasomaji wangu, mwalimu mstaafu wa baiolojia niliyekuwa nikipiga naye soga kila nikienda machimboni upande wa Ushirombo hatunaye tena. Tumemzika juzi. Figo ziligoma, na daktari akataja zebaki. Tangu aitaje sina raha. Nikikohoa tu nashtuka.

Alipostaafu alinunua karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Siku moja tukiwa tumekaa kando yake, watu wamepanga viroba vyao vya mawe, akaninyooshea kidole: "Unaona, mzee mwenzangu? Vimeng'enya mwilini, vile vinavyochakata chakula, vinafanya kazi kama karasha hili. Viroba vikiwa vichache, ukiongeza, kazi inaongezeka. Lakini karasha likishajaa, hata ulete lori zima, kasi ni ileile, vingine vitangoja." Nikamuuliza zebaki inaingia wapi hapo. Akaguna. "Zebaki ni kipande cha chuma cha nondo kilichonasa ndani ya karasha. Ukileta viroba zaidi unarefusha foleni tu. Tena mwilini makarasha ni mengi. Yakinasa machache, mengine yanabeba kazi, nawe unajiona mzima kabisa. Siku yaliyobaki yakizidiwa, ndiyo unaanguka."

Jamani, mtu aliyeyajua hayo alikuwa akichoma mwenyewe kwenye karai dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, moshi wa zebaki ukimpanda puani! Akimaliza anashushia kikombe cha maziwa, maana wachimbaji wa kule wanaamini maziwa yanaosha kifua. Nikamuuliza, mwalimu mzima, vipi tena? "Naogopa," akasema, "na nikinywa, woga unapungua." Huku kwetu sumu tunaipima kwa macho: jirani anatembea, anacheka, anauza mpunga wake, basi haidhuru. Moshi hauna haraka, nasi tunaudhania mpole.

Pale msibani nilimkuta binti yangu, aliyeolewa na mchimbaji wa kitongoji hichohicho cha marehemu, na mimba yake ya kwanza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mumeo anachomea wapi dhahabu?"

"Jikoni. Nje upepo unasumbua moto. Ila usiwe na wasiwasi, maziwa sikosi asubuhi na jioni."

Nikamweleza habari za karasha na nondo, nikamwambia afunge nguo zake tuondoke wote. Akanitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi. "Ah, Baba nawe! Kwani naumwa? Na mtoto anacheza vizuri tu."

Nimerudi peke yangu. Najua mkwe wangu husoma safu hii, kwa hiyo leo, wengine mnisamehe, nasema naye. Mkwe wangu, asiyeumwa si lazima awe salama. Huenda mwili wake bado unamudu kuficha. Toa karai jikoni leo, usingoje kesho. Mkeo hana maumivu yoyote, na hilo ndilo linalonitisha.