Njiwa kwenye kadi ya Raphaël

Kila mwaka, kabla ya Siku ya Marehemu, Emilienne huwatengenezea Wakristo wa Kasongo kadi za kuweka makaburini. Safari hii alibakiza karatasi ngumu moja tu, ya mumewe Raphaël, aliyezikwa baada ya Pasaka. Akaikata kingo kwa mashine mpya aliyotumiwa kutoka Bukavu, akachukua mmoja wa mihuri aliyoichonga kutoka soli za kandambili, akaupaka wino, akagonga.

Chimène, wifi yake, akashtuka. “Wifi! Umepiga njiwa, ile ya ubatizo! Musalaba iko wapi? Watu watacheka kaburi ya kaka yangu!”

Karatasi nyingine haikuwapo. Emilienne akamtazama njiwa yule mpaka wino ukakauka.

“Wacheke,” alisema. “Kule alikoenda, yeye ndiye mutoto muchanga.”

Akaandika jina la mumewe.