Mahali Penye Joto

Katika kitongoji kile cha mlimani, Seoul, sakafu ilipashwa joto na matofali ya makaa yaliyowaka chini yake, na upande wa karibu na jiko ulikuwa wa mkubwa wa nyumba. Baridi ilipozidi, mwaka wa sabini na mbili, Okbun alimbembeleza mama mkwe wake.

"Mama, sogea huku kwenye joto. Ujana gani huo wa kulala mlangoni?"

Bibi akacheka, akasogea. Chini ya karatasi iliyofunika sakafu palikuwa na ufa, na gesi ya makaa ilipenya humo.

Asubuhi mumewe Okbun, Dushik, alirudi kutoka zamu ya kiwandani, akamkuta mama yake amekufa na mkewe hajitambui. Majirani walimburuta Okbun uani, wakamnywesha maji ya achari ya figili, dawa yao kwa kila aliyepigwa na gesi. Akatapika, akafumbua macho, na mtaa mzima ukajisifu. Figili gani! Kilichomwokoa ni hewa ya uani, lakini nani angethubutu kuwaambia?

Mazikoni Okbun alilia, "Mimi ndiye niliyemsogeza!" Wema hauozi, wasemao waseme.

Wiki chache baadaye akili ikamtoka. Sumu ile ina hila: humwachia mtu, kisha humrudia. Alipotea njia ya bombani, akajikojolea, akamwamkia mumewe kama mgeni. Na kila jioni alifunika bakuli la wali kwa blanketi pale penye joto, kama afanyiwavyo mtu ambaye hajarudi nyumbani.

"Mama amechelewa," alisema.

Mara ya kwanza Dushik alimwambia kweli. Okbun akaangua kilio upya, na kesho yake akauliza tena. Basi Dushik akawa mwongo.

"Yuko Busan kwa dada, bibie. Si unamjua? Akianza soga harudi."

"Mbona viatu vyake vipo?"

"Kaazima vya dada. Kula bwana, wali unapoa."

Majani yalipochipua, vitu vilimrudia kimoja kimoja: njia ya bombani, jina la muuza tofu, uzi kwenye tundu la sindano. Dushik alifurahi, na aliogopa.

Jioni moja Okbun hakufunika bakuli.

"Mama hayuko Busan."

"Hayuko."

"Nani alimlaza pale penye joto?"

"Alisogea mwenyewe," Dushik akajibu upesi. "Alivyopenda joto yule!"

Okbun akamtazama usoni. Miezi yote ile alikuwa akiamini kila alichoambiwa. Safari hii akaona kwamba mumewe anadanganya.