Pensheni ya Loredana, Magoti ya Kahaso

Saa mbili asubuhi mjini Malindi, Kahaso Nzai anashika ukingo wa kitanda kwanza, ndipo anapiga goti. Anakunja uso, anachomeka pembe ya shuka chini ya godoro, kisha anabaki pale chini akivuta pumzi. Kupiga goti si kazi. Kazi ni kuinuka.

“Daktari kaniambia nisipige magoti,” asema mama huyu wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Ganze. “Nikamwuliza, sasa nitandike na nini? Meno?”

Upande wa pili wa kitanda amesimama mwajiri wake, Loredana, Mwitaliano wa miaka sabini na mmoja, akinyoosha mto ambao hakuna aliyemwomba aunyooshe. Hawezi kujizuia. Siku Kahaso alipoanza kazi hapa, miaka minne iliyopita, bibi huyu aliichomoa pembe ya shuka akaikunja upya, harakaharaka, bila hata kutazama.

“Nikajua huyu si tajiri. Tajiri hana mikono ile,” asema Kahaso. “Nikamwuliza kwa Kiitaliano changu cha hotelini: mama, kumbe nawe ulikuwa mtu wa vyumba?”

Ndivyo. Miaka thelathini, katika hoteli ya ufukweni huko kwao. Tangu hapo wakitandika huzungumza habari za kazi, na mazungumzo hayo humchosha Kahaso kuliko ufagio.

Kwao Loredana, hoteli ikifungwa wakati wa baridi, serikali ilimlipa mpaka ifunguliwe. Alikwenda likizo na mshahara ukaingia. Goti lake lilipoharibika lilipasuliwa bila yeye kuuza kitu. Na kila Desemba alipata mshahara wa kumi na tatu.

“Nilimwuliza, kwani mwaka wenu una miezi mingapi!” Kahaso anacheka, kisha anaacha.

Yeye alimaliza miaka ishirini na miwili katika hoteli moja ya hapa. Kila Aprili, wageni wakipungua, aliambiwa aende nyumbani. Kila Julai akaandikwa upya. Hoteli ilipofungwa kabisa alidai kiinua mgongo. Akajibiwa kwamba hajawahi kutimiza mwaka kazini. Ni jibu la kumkata mtu maini.

Si kwamba Loredana anaogelea katika pesa. Pensheni yake ilishindwa na kodi na umeme wa kwao, ndipo akahamia huku, ambako inamtosha na kubakiza shilingi elfu kumi na tano za Kahaso kila mwezi.

“Yaani mimi nalishwa na pensheni ya mtandika vitanda,” asema Kahaso. “Nami mtandika vitanda, yangu iko wapi?”

Wiki iliyopita, goti likiwa limevimba, alijipa moyo akaomba likizo ya wiki mbili yenye mshahara. Loredana aliukumbatia mto kifuani, uso ukamwiva.

“Mbona hukusema miaka yote hii?” akauliza.

“Mama, nilidhani watu wa likizo ni nyinyi.”

Likizo imekubaliwa. Jumamosi Kahaso anakwenda Ganze kwa dada yake, Kabibi. Anajua akirudi goti litakuwa lilelile.

“Kabibi asema kuna mahindi ya kupalilia. Nimemwambia, dada, mimi nakuja kulala,” asema, akijivuta kwa mikono miwili hadi anasimama. “Na nikiamka, kile kitanda sikitandiki. Kikae vivyo hivyo.”